Nyumba Niliyokuambia Haikuwa na Watumwa

Mwanangu Nasra,

Salamu sikuandikii, maana za nini, na nakusikia chumba cha pili ukigombana na zipu ya sanduku. Nimesali alasiri, nimejifungia, na nimemwambia shangazi yako kichwa kinaniuma ili asiniletee chai na maneno. Kesho asubuhi unapanda ndege. Barua hii nitaiweka kwenye mkoba wako wa mkononi, pamoja na pasipoti, uikute ukiwa umeshakaa kitini na huwezi tena kunirudia mlangoni na maswali. Mama yako ni mwoga, na hilo utaliona kadiri unavyosoma.

Mambo ya koti la baridi, ya nyama ya halali, ya kutomfungulia mlango usiyemjua, nimeyaacha. Shangazi yako ameyasema wiki nzima mpaka kuta zimeyahifadhi. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia miaka kumi na tisa.

Unakumbuka Jumapili ile uliponionyesha picha za huko unakokwenda, Karolina Kusini. Tulikaa barazani, wewe na simu yako, mimi na miwani yangu. Ukanionyesha lile jumba jeupe la shamba la mpunga, nguzo zake, ile njia ya miti mikubwa yenye ndevu zinazoning'inia matawini, na mto kwa nyuma. Nikasema mashaallah, hawa watu walijua kujenga. Ukacheka, ukaniambia hawakujenga wao. Ukanionyesha mabonde ya mpunga yaliyochimbwa kwa mikono, na safu ya vibanda vya mbao nyuma ya jumba. Siku hizi, ukasema, mgeni akifika hapelekwi jumbani kwanza, anapelekwa vibandani, na ukutani yameandikwa majina ya waliokuwa watumwa pale, mmoja mmoja. Wajukuu zao huja kuyagusa kwa vidole.

Kisha ukaniuliza habari za kwetu. Na swali lilikuwa la haki. Sisi ni watu wa asili ya Kiarabu, na shamba letu la minazi lilianza hapa Mbezi Beach likapanda mpaka karibu na vilima vya Madale. Minazi imekwisha, tumezungukwa na hoteli na maghorofa, lakini mpaka leo bajaji zikishusha abiria hapa zinasema "Kwa Mwarabu". Uliniuliza kama na hapa kwetu walikuwepo. Nikakujibu bila kupepesa macho kwamba babu yetu alikuwa mcha Mungu, alilimisha vibarua, na vile vyumba sita vya uwani vilikuwa ghala za nazi.

Ukaandika hivyo hivyo. Insha yako ya kuombea nafasi ulinisomea kwa Kiswahili, neno kwa neno: nyumba ya shamba ya pwani ambayo haikusimama kwa jasho la mtumwa. Nikakupigia makofi. Watu wa lile jumba wameipenda, wamekuchukua ukae kwao mwaka mzima ujifunze kutunza majumba ya kale na kupokea wageni. Na umeniambia mwenyewe kwamba wiki ya kwanza kila mwanafunzi atasimama aeleze nyumba ya kwao, na katika wasikilizaji watakuwemo wajukuu wa wale waliochimba yale mabonde. Utasimama uwape maneno yangu. Utawatazama machoni, maana nimekulea hivyo, na utakuwa unawadanganya bila kujua.

Nasra, walikuwepo.

Ngoja nianze na karatasi. Tangu mdogo umesikia kwamba nyumba hii ni wakfu: haiuzwi, hairithiwi, haigawanywi. Babu mzaa babu yangu ndiye aliyeifunga. Na umesikia, kutoka kinywani mwangu, kwamba karatasi ya wakfu inataka mtu wa ukoo akae ndani siku zote, na siku akikosekana nyumba inakwenda msikitini. Kwa ajili hiyo nilikataa kuwafuata kaka zangu wote watatu Maskati. Kwa ajili hiyo nilikukatalia shule ya bweni Morogoro, ukalia siku mbili, chakula hutaki. Kwa ajili hiyo, ulipotimiza miaka kumi na tano, nilikuonyesha ufunguo wa kabati nikakuambia nikifa usitoke.

Karatasi haisemi hivyo. Hayo niliyatunga mimi.

Yenyewe imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwandiko wa zamani wa kukimbia. Kurani naisoma, lakini mwandiko ule ulinishinda. Wewe ulikuwa na miaka mitano. Nikamwita mwalimu wangu wa madrasa, mzee sana wakati ule, akaja na kioo chake cha kukuzia maandishi. Akasoma polepole. Nyumba na kiwanja chake ni wakfu kwa watoto wangu na vizazi vyao, na kwa hawa niliowaacha huru kwa ajili ya Mungu, na vizazi vyao. Wakae pamoja, na asiwepo wa kumtoa mwenziwe. Kisha yakafuata majina saba, kila moja na jina la baba. La tano lilikuwa Zafarani binti Chilumba.

Zafarani alikuwa bibi yake Bi Tatu.

Bi Tatu unamkumbuka kidogo, yule mama mrefu aliyekuwa akikuletea visheti kwenye kopo la maziwa. Wewe ulimjua kama mpishi wetu. Harusi, msiba, hitima, aliyeshika mwiko ni yeye, kama alivyoushika mama yake. Nilipokuzaa mama yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na Bi Tatu ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto siku arobaini. Akinikanda ananitania, jikaze Bi Mwarabu, mifupa gani hii ya kitajiri. Nikiona haya kumwambia panaponiuma ananiambia mficha uchi hazai. Nilimpenda. Sisemi hivyo kujipamba. Nilimpenda, na yote nitakayokueleza niliyafanya huku nampenda.

Mwalimu alipomaliza kusoma, akafuta kioo chake kwa ncha ya kanzu. Nikamwuliza nifanye nini. Akasema, "Kazi yangu mie kusoma, binti yangu. Kusikia ni kwako." Akanywa kahawa yake akaenda. Hakurudia kuligusa jambo hilo, na kabla mwaka haujaisha alifariki. Siri ikabaki na mtu mmoja.

Wakati huo Bi Tatu alikuwa anakaa chumba cha kupanga Tegeta, chumba kimoja, yeye na wajukuu wawili. Hapa kwetu vyumba ni kumi na viwili, ukiacha vile sita vya uwani, na sisi tulikuwa watatu.

Sasa nikueleze siku ambayo mpaka leo inaninyima usingizi. Ni mwaka ule ule, mwezi wa Shaabani, tuliposoma arwahi kama kawaida kabla ya Ramadhani. Desturi unaijua. Marehemu wa ukoo wanasomwa kwa majina, fulani bin fulani, fulani binti fulani, na baada ya hao msomaji anasema "na watu wa shamba", maneno manne, basi, kisha Fatiha. Orodha ya majina nilikuwa naiandika mimi. Asubuhi ya siku hiyo Bi Tatu alipiga hodi mlango wa uwani kama kawaida yake, nikamkaribisha, na kabla hajashika sufuria akanipa kipande cha karatasi ya daftari. Mjukuu wake alikuwa amemwandikia jina moja: Zafarani. Akaniomba, mwaka huu, bibi yake naye asomwe kwa jina lake.

Nikamwuliza, "Binti nani?"

Akasema hajui. Hakuna anayejua. Aliletwa mdogo.

Nikamwambia, kwa upole kabisa, kwamba jina lisilo na baba halisomwi pamoja na mengine, lingekaa vibaya, watu wangeuliza. Nilimwambia hivyo, mwanangu, na jina la baba lilikuwa kabatini kwangu, hatua ishirini kutoka pale tuliposimama. Nilikuwa nimelisikia kwa masikio yangu miezi mitatu kabla.

Bi Tatu akakunja kikaratasi chake, akakifunga kwenye pindo la kanga. Akasema, "Haya. Labda mwakani atapata baba." Akaenda jikoni, akapika pilau ya watu sitini, na haikupungua chumvi.

Hakuomba tena. Alikuja miaka mingine mitatu, akakaa karibu na mlango wa uwani wakati wa dua, akaitikia amina kwa wafu wetu wote. Kisha akafa katika chumba chake cha kupanga. Nilikwenda mazikoni, nikapeleka mchele na sukari, na watu wakanisifu kwamba sina makuu.

Utaniuliza kwa nini. Nami nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilikuwa najiambia nailinda nyumba ya wazee, lakini nyumba haikuwa na hatari yoyote. Hakuna aliyetaka kunitoa. Karatasi yenyewe inakataza kutoana. Nilichoogopa ni kidogo na ni cha aibu. Niliogopa Bi Tatu kuingia kwa mlango wa mbele, akakaa sebuleni kwenye kiti cha mama yangu, na mimi nikamwuliza, unakunywa chai au kahawa. Nilikuwa radhi mikono yake inikande uchi wangu wote, lakini kumpa kiti nilishindwa.

Kutokea hapo sikutoka tena. Wewe ulidhani mama yako anapenda kukaa nyumbani. Nilikuwa naogopa kwamba nikiondoka hata siku mbili, mmoja wa kaka zangu atakuja, atafungua kabati, atampa mtu karatasi asome. Wakati mwingine naamka naenda kupapasa ufunguo kama upo. Mjomba wako alinikatia tiketi ya kwenda kumwoza mwanawe Maskati, nikasema goti linaniuma. Walitaka kunipeleka hijja, nikasema goti. Magoti yangu haya yamesingiziwa mengi na siku ya kiama yatanidai.

Nyumba nayo ilinielewa vizuri. Kila mwaka inataka kitu ili nisiende popote. Mchwa wakila boriti, nipo. Chokaa ikidondoka ukutani, nipo. Hoteli ya jirani ikipiga muziki Jumamosi nzima mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka, nimekaa tu ndani nasikiliza watu waliotoka Mbeya na Mwanza kuja kustarehe kwenye bahari ambayo mimi nina miaka sijaikanyaga, na iko ng'ambo ya barabara.

Na baba yako. Baba yako alijenga Madale, nyumba ndogo juu kilimani yenye upepo, akaniambia twende, tumewatunza wafu vya kutosha. Nikamwambia wakfu. Akaniambia sheikh yeyote atatupa njia, tumpelekee karatasi aisome. Unaona nilivyokwama? Kumpa karatasi ndiko nilikokuwa nakukimbia. Akangoja miaka miwili, kisha akahamia peke yake, akawa anakuja Ijumaa na tende zake na magazeti, kama mgeni. Hatukugombana. Watu walidhani ameoa mke mwingine, na mimi nikawaacha wadhani, maana ilikuwa rahisi kuliko ukweli.

Alipoanguka, wewe ndiye uliyekuwa naye. Ulinipigia simu saa saba mchana ukasema njoo. Nikafika saa kumi na moja. Siku ya tatu ya msiba ukaniuliza nilikuwa wapi saa nne nzima, kutoka Mbezi mpaka Madale. Nikakujibu goti. Ukanitazama, na toka siku ile kuna kitu kati yetu hakijarudi sawa. Ukweli ni kwamba siku hiyo mafundi walikuwa darini, na sikutaka kuwaacha peke yao na lile kabati. Nilisubiri wamalize, nikafunga milango yote, ndipo nikaenda. Nilimkuta ameshafunikwa. Huo ndio mguu uliokuwa unaniuma, mwanangu. Sitaki unihurumie, nataka ujue tu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, nimeitembea miaka yote hii bila kutoka nje ya geti. Na kibaya zaidi nilikuwa nimeshaanza kukuandalia wewe chumba humo humo. Ule ufunguo niliokuonyesha, nilikuwa nakukabidhi kifungo, na wewe ukaupokea kwa adabu.

Leo asubuhi nilikuambia nakwenda kununua bizari. Nilikwenda Kipawa.

Mwajuma, binti yake Bi Tatu, ni rika langu. Ni fundi cherehani, cherehani yake iko kibarazani kwake, na ndege zinazoshuka uwanjani zinampitia juu ya bati. Aliponiona tu akaniuliza nani amekufa. Watu wa nyumba yetu tukimfuata ni kwa ajili ya kupika. Nikamwambia hakuna aliyekufa, nikakaa kwenye stuli ya wateja, nikamweleza yote kwa mpangilio niliokueleza wewe. Mara mbili ilibidi ninyamaze ndege ipite, na kukaa na uchafu wako mdomoni ukisubiri ndege ipite ni adhabu peke yake. Yeye alikuwa anaendelea kushona.

Nilipoifungua karatasi akasema herufi zile hazijui, nisome mimi. Majina nayajua kwa moyo sasa. Nilipofika la tano akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Rudia hilo."

"Zafarani binti Chilumba."

"Chilumba ndo nani?"

"Baba yake."

Akalitaja mwenyewe, taratibu, mara mbili. Kisha akaniuliza, bila kupandisha sauti, "Mwaka ule mama alivyokuja kwako na karatasi, hili jina ulikuwa unalo?"

Nikamwambia nilikuwa nalo.

"Kwa hiyo mama alikuwaga anapiga hodi kwake mwenyewe, na wewe unamkaribisha."

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, hata kupigwa, na pengine nilitamani. Mwajuma akakata uzi kwa meno, akakunja gauni la watu alilokuwa anashona, akaniambia, "Msamaha wa mama mie sina, kaenda nao. Wangu ngoja nifikirie." Kisha akasema, "Ijumaa nakuja na vitu vyangu. Na sipigi hodi."

Karatasi nimeiacha kwake. Nilirudi na bajaji mikono mitupu, bizari sikununua, na nashangaa hukuniuliza.

Usidhani nakuandikia nikiwa nimetua mzigo. Naogopa. Nimezunguka vyumba vyote tangu nirudi, nashika viti, sijui kipi nimpishe. Kaka zangu sijawaambia, na watakapojua watanifokea kutoka Maskati mpaka simu ipate moto. Mwajuma ana kinywa, na mimi pia ninacho, na tutakaa sebule moja mpaka mmoja wetu atangulie. Huenda hatasamehe kamwe na bado tutagawana chumvi. Kutoka bado sijatoka, Nasra. Nimefungua mlango tu, na kwanza anaingia mtu.

Lakini wewe unatoka. Siku hiyo utakaposimama, usiwasomee ile insha. Waambie nyumba yetu iliyowavutia haikuwa hivyo. Waambie majina saba, nimeyaandika nyuma ya ukurasa huu na baba zao, uyatamke sawasawa. Waambie mama yako aliyajua akayafungia kabatini. Usinitetee, usiseme ni mambo ya zamani, wala usiseme aliyewaacha huru alikuwa mtu mwema; mtu hasifiwi kwa kurudisha alichochukua. Inawezekana watakasirika. Inawezekana watasema uliipata nafasi kwa uongo, wakakurudisha. Wakikurudisha, nitakuja uwanjani kukupokea mwenyewe, na goti langu hili zima kabisa.

Wasipokurudisha, kaa ujifunze. Na mwaka ukiisha, kama moyo wako uko huko au uko Madale kwenye nyumba ya baba yako, nenda moyo ulipo. Usirudi kwa ajili ya nyumba. Una haki ndani yake, lakini hakuna karatasi yoyote, niliyosomewa wala niliyotunga, inayokutaka uilalie.

Hebu nisikie, zipu imekubali. Unaniita. Nakuja sasa hivi, na uso wangu utakuwa wa kawaida, usinishangae kesho ukikumbuka.

Ijumaa ukifika na kupata mtandao, piga simu ya nyumbani, ile ya sebuleni. Akipokea mtu mwingine usikate ukidhani umekosea namba. Mwamkie kwa heshima, jitambulishe wewe ni nani na binti wa nani, kisha omba kuzungumza na mimi. Utakuwa unaongea na mwenye nyumba.

Mama yako